Mamluki wa Misri: Walinzi Walionunuliwa Wakawa Wafalme

Takriban kila umma wa zamani ulikuwa na watu waliotengwa kwa kazi ya vita, na aghalabu walikuwa wana wa nchi, vijana wa rika moja au watoto wa makabaila waliorithi upanga pamoja na shamba. Lakini Misri, tangu mwaka 1250 hadi 1517, ilishika njia nyingine, kwani askari wake wa daraja ya juu walikuwa vijana walionunuliwa ugenini, walioitwa mamluki, na ni miongoni mwao walikotoka masultani.

Wengi wa zama za kwanza walikuwa Waturuki wa Kipchak kutoka nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Baadaye wakazidi Wacherkesi wa milima ya Kaukazi. Mtoto aliyefikishwa Kairo alitiwa kambini, akasomeshwa kwanza na fakihi Kurani, hati ya Kiarabu na sharia, na alipobaleghe ndipo akakabidhiwa farasi, mkuki, uta na upanga. Upanga alijifunza kwa kukata udongo wa mfinyanzi siku baada ya siku, idadi ya mapigo ikiongezwa, hata mkono wake ujue kukata kwa kadiri autakavyo. Katika mashindano ya kulenga shabaha, kibuyu cha dhahabu au cha fedha kilitundikwa juu ya mlingoti mrefu, ndani yake mna njiwa. Mpanda farasi alipita mbio akauachia mshale, na aliyekipiga hata njiwa akaruka, kibuyu kilikuwa chake. Alipohitimu aliachwa huru, akapewa silaha na farasi, lakini utii wake kwa bwana aliyemnunua, na mapenzi yake kwa wenziwe wa kambi, havikulegea.

Fadhila yao kubwa ilidhihiri mwaka 1260. Wamongolia walikuwa wamekwisha kuiangamiza Baghdad miaka miwili kabla na kumwua Khalifa, kisha wakaingia Shamu na kudai utii wa Kairo. Sultani Qutuz aliwaua wajumbe wao, akatoka kuwakabili Ain Jalut, katika nchi ya Palestina, na huko tarehe 3 Septemba jeshi la Wamongolia likavunjwa na jemadari wao Kitbuqa akauawa. Walakini Qutuz hakurudi Kairo: njiani aliuawa na maamiri wake mwenyewe, na mmoja wao, Baybars, akakalia kiti chake. Katika safari hiyo moja mna, kwa rai yangu, habari yote ya mamluki, yaani ushujaa ulioiokoa nchi, na utii ulioishia mlangoni mwa kambi.

Wana wao, kwa kuwa walizaliwa huru, kwa kaida hawakuingizwa katika safu zao, hivyo ikalazimu kila kizazi kununuliwa upya, na mkulima wa Nili akaendelea kulipa kodi kwa mabwana waliosema Kituruki. Hata hivyo si haki kuwanyima sifa: hospitali ya Sultani Qalawun ilitibu wagonjwa wa Kairo kwa karne nyingi, na Msikiti wa Sultani Hasan ungali umesimama.

Kilichowaangusha ni bunduki, ambayo waliidharau kuwa haimstahili mpanda farasi. Mwaka 1516, huko Marj Dabiq kaskazini ya Halab, mizinga na bunduki za Waosmani ziliwashinda, Sultani Qansuh al-Ghawri akafa, na mwaka uliofuata Kairo ikatekwa. Jeshi lililolelewa mbali na raia halikuwa na raia wa kulisimamisha tena.