Kabla hujabonyeza linki: hili jina ni la nani?

Umepata SMS yenye linki. Ndani yake unaona jina unalolijua, kisha neno "lipa". Je, hiyo inatosha kuiamini? Hapana. Angalia kwanza jina hilo limekaa wapi.

Anwani ya tovuti ni kama ploti ya nyumba za kupangisha. Jina lililo kati ya https:// na mkwaju (/) unaofuata ndilo jina la ploti. Yote yaliyo baada ya mkwaju huo ni vyumba. Mwenye ploti ndiye anayeandika milangoni, na anaweza kuandika chochote.

Kampuni halali hutumia mpangilio huu kila siku. Badala ya kusajili jina jipya kwa kila huduma, huziweka zote chini ya jina moja: /malipo, /mikopo, /msaada. Ukifungua /malipo, seva husoma neno hilo na kukupeleka kwenye programu ya malipo.

Matapeli nao wanaujua ujanja huu. Linganisha:

1. ecitizen.go.ke
Hii ni ploti ya eCitizen yenyewe.

2. tovuti-fulani.com/ecitizen.go.ke/lipa
Ploti ni ya tovuti-fulani.com. "ecitizen" ni maandishi ya mlangoni tu.

3. ecitizen.go.ke.tovuti-fulani.com/lipa
Hapa jina limewekwa kabla ya mkwaju, lakini mwenyewe hukaa mwishoni, karibu kabisa na mkwaju. Bado ni tovuti-fulani.com.

Na ile alama ya kufuli? Inaonyesha tu kwamba unachoandika hakisomwi njiani. Haisemi kama anayekipokea ni mwaminifu.

Kwa hivyo fanya hivi:

- Simu ikionyesha kipande tu cha anwani, iguse uione yote.
- Usiandike PIN yako ya pesa za simu kwenye tovuti yoyote. Ombi la malipo likitokea kwenye simu yako, soma jina la anayelipwa na kiasi kabla ya kuweka PIN.
- Ukiwa na shaka, achana na linki. Andika mwenyewe anwani unayoijua.

Ushaandika PIN mahali usipopaamini? Ibadilishe sasa hivi, kisha piga simu huduma kwa wateja. Usitumie namba iliyo kwenye hiyo SMS.