Silsila, Ibada na Bakuli la Mwenye Ukoma

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu Ubuddha huja likiwa limeshajibiwa na muulizaji mwenyewe: "Lakini ile si dini, sivyo? Ni falsafa tu ya kutuliza akili." Anayeuliza huwa amesoma kitabu kimoja au viwili vya kujiliwaza, au amelala kwenye hoteli ya ufukweni yenye kichwa cha Buddha cha saruji kando ya bwawa la kuogelea. Jibu langu halijabadilika. Ni dini, tena ni dini ya watu wanaosujudu, wanaofukiza ubani, wanaoweka nadhiri, wanaotoa sadaka na kuwaombea wafu wao. Mkulima wa mpunga wa Sri Lanka na mama muuza mboga wa Taiwan, kama walivyo Wabuddha wengi duniani, huenda hawajawahi kukaa saa nzima wakihesabu pumzi zao. Kwa karne nyingi kutafakari kwa kukaa ilikuwa kazi ya watawa, na hata miongoni mwa watawa si wote walioifanya. Fikra kwamba hicho ndicho kiini na mengine yote ni maganda ilipata nguvu karne ya 19, wataalamu wa Ulaya walipousoma Ubuddha vitabuni bila kukanyaga hekaluni, na baadhi ya wanamageuzi wa Asia wakaipokea kwa sababu iliwafaa katika kubishana na wamisionari.

Kosa la pili nalimaliza upesi. Yule mzee wa kitambi anayecheka, anayewekwa kando ya mashine ya fedha dukani ili avute wateja, si Buddha. Anaitwa Budai, mtawa wa Kichina wa karne ya 10, mzururaji mwenye gunia begani, ambaye watu waliamini kuwa ni umbo mojawapo la Maitreya, Buddha ajaye. Buddha mwenyewe, Siddhartha Gautama, aliacha nyumba yenye mali na akaishi kwa bakuli la kuomba. Hakuna biashara iliyowahi kustawi kwa kusugua tumbo la udongo, na anayeuza sanamu hizo kwa ahadi ya bahati anawaibia watu.

La tatu ndilo linaloniudhi hasa, maana lina madhara. Nimewasikia watu wenye elimu wakisema kwamba Mbuddha hawezi kumsaidia mgonjwa kwa moyo mmoja, kwa kuwa ugonjwa ni karma, na karma ni malipo ya haki. Mtu akiumwa, anavuna alichopanda. Katika maandiko ya Kipali mtu mmoja, Sivaka, anampelekea Buddha hoja ya namna hiyo hiyo: wapo wanaosema kila kinachompata mtu, kizuri au kibaya, kimetokana na matendo ya zamani. Buddha anaikataa. Anataja nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mabadiliko ya hali ya hewa, majeraha, na karma anaiweka kuwa sababu moja kati ya nane. Tena katika kanuni za utawa mna kisa cha mtawa aliyekuwa akiharisha, amelala katika uchafu wake, na wenzake wamemwacha kwa kuwa hakuwa na faida kwao. Buddha akamtuma Ananda, mhudumu wake, kuleta maji. Yeye akamwaga, Ananda akasugua, kisha mmoja akamshika kichwani na mwingine miguuni, wakamlaza kitandani. Halafu akawakusanya watawa na kuwakumbusha kwamba hawana tena mama wala baba wa kuwauguza, kwa hiyo wasipouguzana wao kwa wao, nani atawauguza? Akaongeza kwamba anayetaka kumhudumia yeye amhudumie mgonjwa.

Nilikusudia sura hii iende kwa utaratibu: kwanza silsila, yaani mnyororo wa walimu, halafu ibada, halafu huduma kwa jamii. Nianze hivyo.

Kama khalifa wa tarika ya Qadiriyya wa Bagamoyo au Unguja anavyoweza kuwataja masheikh wake mmoja baada ya mwingine, ndivyo mtawa wa Kibuddha anavyotakiwa kujua nadhiri zake zimetoka kwa nani. Hawi mtawa kamili kwa kunyoa nywele na kuvaa joho. Anapokelewa na kikao cha watawa waliokwisha kupokelewa, kumi kwa kawaida, watano katika nchi za pembezoni, na kila mmoja wao alipokelewa na kikao kama hicho, na hao nao vivyo hivyo kurudi nyuma. Ndiyo maana silsila inaweza kukatika. Katikati ya karne ya 18 Sri Lanka ilikuwa haina tena watawa kamili wa kutosha kufanya kikao kimoja. Mfalme wa Kandy, Kirti Sri Rajasinha, akapeleka wajumbe Siam, Thailand ya leo, na mwaka 1753 mtawa Upali na wenzake wakawapokea Wasinhala upya. Haikuchukua muda mrefu kundi hilo likafunga mlango kwa wasio wa tabaka la wenye mashamba, hata waliokataliwa wakavuka bahari kwenda Burma kutafuta nadhiri zao huko na kurudi nazo mwanzoni mwa karne ya 19. Wasinhala waliojenga hekalu la Upanga, Dar es Salaam, enzi za ukoloni walitoka kisiwa chenye historia hiyo.

Ningeendelea na Siam na Burma, lakini siwezi kutaja silsila iliyokatika bila kwenda Nara, mji mkuu wa kale wa Japani. Nikishafika huko utaratibu wangu unavunjika, kwa maana huko silsila, ibada na huduma ni jambo moja.

Mwaka 742 watawa wawili vijana wa Kijapani walimfikia Ganjin, bingwa wa kanuni za utawa, katika mji wa Yangzhou nchini China, wakamsihi awapelekee nadhiri sahihi, kwani Japani haikuwa na watu wa kutosha wa kufanya kikao. Alijaribu kuvuka mara tano akashindwa. Mara alishtakiwa kwa wakuu, mara dhoruba ikavunja chombo, mara moja upepo ukamtupa kusini kabisa, kisiwa cha Hainan. Mmoja wa vijana wale alikufa njiani, na Ganjin mwenyewe akapofuka. Safari ya sita ilimfikisha mwishoni mwa mwaka 753, na mwaka uliofuata, mbele ya hekalu la Todaiji, akampa nadhiri mfalme mstaafu Shomu.

Karne zikapita. Vikao viliendelea kufanyika, lakini kanuni zenyewe hazikushikwa. Watawa walioa, walibeba silaha, waligombea mashamba. Mtawa mmoja aitwaye Eison, aliyezaliwa mwaka 1201, akajiuliza swali ambalo wengi walilikwepa: ikiwa wanaonipa nadhiri hawazitunzi, wananipa nini? Mwaka 1236 yeye na wenzake watatu waliingia Todaiji wakajipa nadhiri wenyewe mbele ya Mabuddha, bila kikao cha wanadamu, wakitegemea andiko linaloruhusu jambo hilo endapo mwombaji atapata ishara. Wapinzani walilalamika, na wana hoja: mnyororo haujianzishi wenyewe. Lakini naamini Eison alikuwa na haki. Aliichukulia silsila kwa uzito kiasi cha kukataa kuendelea na ganda lake. Aliweka makao yake hekalu la Saidaiji, na mwaka 1249 akawapokea pia watawa wa kike katika hekalu la Hokkeji, jambo ambalo Japani ilikuwa imelisahau.

Msomaji wa leo angetazamia kwamba mtu wa namna hiyo, mshika kanuni, angejifungia ndani. Yeye alitoka kwenda kwa watu waliotengwa: wazika maiti, wachunaji wa ngozi, ombaomba, wenye ukoma, ambao wakati ule walikaa katika vijiji vyao kando ya barabara kuu na wasiruhusiwe kuchanganyika na wengine. Kilichompeleka huko ni ibada. Kuna andiko juu ya Manjushri, ambaye Wajapani humwita Monju, bodhisatva wa hekima. Bodhisatva ni yule aliyeapa kutotulia mpaka viumbe vyote viokoke. Andiko hilo linaeleza kwamba anayetaka kumwabudu Manjushri atende wema, kwa kuwa yeye hujigeuza maskini, yatima, mtu wa taabu, akaja kusimama mbele ya anayemwabudu. Eison na wafuasi wake walilisoma neno kwa neno. Walipeleka picha za Manjushri katika vijiji vya waliotengwa, wakafanya ibada hapo hapo, wakawalisha wakazi. Mwaka 1269, walipozindua sanamu kubwa ya Manjushri katika hekalu la Hannyaji, kaskazini mwa Nara, walikusanyika watu waliotengwa wapatao 2,000. Walipewa chakula, mikeka, kofia na vitu vingine vya matumizi, wakiwa wamepangwa kwa safu kama wageni wa heshima mbele ya sanamu. Ukiondoa ibada hapa, ukabakiza "maadili ya Kibuddha" kama wanavyopenda wanafalsafa wa siku hizi, huna tena sababu ya mkusanyiko ule. Watu wale walilishwa kwa kuwa yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye Manjushri.

Mwanafunzi wake Ninsho, aliyezaliwa mwaka 1217, ndiye nimpendaye zaidi. Alimpenda sana mama yake, aliyefariki Ninsho akiwa kijana, na ibada yake kwa Manjushri ilifungamana na kumwombea. Kuna kisa cha mwenye ukoma mmoja wa Nara ambaye maradhi yalimlemaza asiweze tena kwenda sokoni kuomba. Ninsho alimbeba mgongoni asubuhi, akamweka mahali pake sokoni, na jioni akamrudisha. Tafakari hilo kwa makini. Hakumpa chakula cha siku moja akaenda zake. Alimrudishia kazi yake, kwa maana kuomba ndiyo iliyokuwa riziki yake, na alimgusa mwili mtu ambaye sheria na desturi zilisema asiguswe. Makazi ya wenye ukoma yanayohusishwa na Ninsho, yaliyojengwa upya karne ya 17, yapo Nara hadi leo: jengo refu, la chini, lenye vyumba 18 vidogo vilivyopangwa mstari mmoja.

Baadaye alihamia Kamakura, makao ya watawala wenye panga, akaliongoza hekalu la Gokurakuji na kuligeuza kuwa mji wa wagonjwa. Wasifu wake ulioandikwa baada ya kifo chake unamhesabia madaraja 189, barabara 71 na visima 33. Hata farasi wagonjwa aliwajengea mahali pa kutibiwa. Fedha zilitoka wapi? Sehemu yake ilitokana na ushuru wa bandarini aliopewa haki ya kuutoza, na mpinzani wake mkali, Nichiren, alimshambulia kwa hilo: watu wanatozwa ili mtawa asifiwe. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Anayevuka daraja kila siku kuuza samaki ndiye aliyelilipia.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba Eison na Ninsho walifuta dharau. Wao pia waliamini, kama karibu kila mtu wa zama zao, kwamba ukoma ulitokana na dhambi ya kuyakashifu mafundisho, na waliwataka wagonjwa watubu na kushika nadhiri. Sivaka alikuwa amekwisha kujibiwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla, lakini jibu halikuwafikia, au liliwafikia likazimwa na maandiko mengine yaliyosomwa zaidi. Hivyo mkono mmoja uliosha kidonda, na mdomo ukaendelea kumlaumu mwenye kidonda. Vyote viwili vimo katika kumbukumbu zao. Anayesimulia mema peke yake anaandika matangazo.

Mambo hayo hayakuishia karne ya 13. Mwaka 1963 mwanamke kijana wa Taiwan, Cheng Yen, alikwenda Taipei kupokelewa utawani akakataliwa kuandikishwa kwa kuwa hakuwa na mwalimu wa kumdhamini. Mwanazuoni Yinshun alikubali kuwa mwalimu wake muda mfupi kabla ya uandikishaji kufungwa. Bila kiungo hicho kimoja cha silsila tusingekuwa na jumuiya ya misaada ya Tzu Chi, ambayo Cheng Yen aliianzisha mwaka 1966 mjini Hualien, yeye na watawa wachache walioshona viatu vya watoto ili wauze, pamoja na akina mama wa nyumbani wapatao 30. Kila mama alipewa kibubu cha mwanzi, akatakiwa kutia senti 50 kila siku kabla ya kwenda sokoni. Cheng Yen aliposhauriwa kwamba ingekuwa rahisi kukusanya dola 15 mwisho wa mwezi, alikataa. Alitaka nia ya kutoa iamke kila asubuhi. Mwaka 1986 walifungua hospitali Hualien.

Na ibada? Guanyin, bodhisatva wa huruma, huchorwa akiwa na macho elfu na mikono elfu. Cheng Yen aliwafundisha wafuasi wake kwamba watu 500 wakikusanyika, macho elfu na mikono elfu imepatikana. Eison angemwelewa mara moja. Wafanyakazi wa kujitolea wa Tzu Chi hukabidhi msaada kwa mikono miwili, wakiwa wameinama, na anayeshukuru ni mtoaji. Wageni hudhani ni adabu za Kichina tu. Wanainama kwa sababu ile ile iliyowakusanya watu 2,000 Hannyaji.

Walipotoa msaada Msumbiji baada ya kimbunga Idai cha mwaka 2019, desturi hiyo ilikuwa imeshatangulia kufika kusini mwa Afrika. Huko Durban, tangu miaka ya 1990, akina mama wa Kizulu waliofundishwa ushonaji na Wataiwani waishio huko waliunda vikundi vyao, wakaanza kuzunguka vijijini kuwauguza wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Wengi wao ni Wakristo na wamebaki Wakristo. Huimba nyimbo zao kwa Kizulu njiani, wakifika kwa mgonjwa humwosha, humpikia na kumbadilishia shuka, kisha wanakwenda nyumba inayofuata.