Kiyidi: Lugha isiyo na eneo iliyotambuliwa na sheria ya Uswidi

Wengi wetu tukisikia Uswidi, hufikiria Kiswidi tu. Kumbe tangu mwaka wa 2000 taifa hilo linatambua rasmi lugha tano za jamii za walio wachache: Kifini, Kisami, Meänkieli, Kiromani na Kiyidi. Hiki cha mwisho ndicho kinachonishughulisha leo, maanake hakina wilaya wala kijiji chake nchini humo. Kiliingiaje basi katika sheria?

Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki. Kilizuka yapata miaka elfu moja iliyopita kandokando ya mto Rhine. Msingi wake ni Kijerumani cha kale. Kikachota msamiati wa Kiebrania na, baadaye, wa lugha za Kislavoni kama vile Kipolandi. Huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kwa sababu ya mchanganyiko huo, waliokibeza walidai eti ni Kijerumani kibovu. Msomaji aliyewahi kuambiwa kuwa Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika anaujua udhaifu wa hoja hiyo.

Kabla ya 1774, Myahudi aliyetaka kuishi Uswidi sharti abatizwe. Mwaka huo, Aaron Isaac, mchonga mihuri kutoka Ujerumani, alifika Stockholm, kisha akaruhusiwa kukaa huko bila kuiacha dini yake. Aliomba pia wenzake waruhusiwe kuja, kwani ibada ya pamoja huhitaji wanaume kumi. Na alipoandika kumbukumbu za maisha yake uzeeni, hakutumia Kiswidi. Aliandika kwa Kiyidi. Hata hivyo, kanuni za 1782 ziliwabana Wayahudi katika miji michache, na haki karibu zote za uraia walizipata 1870.

Majirani nao wana historia zao. Katiba ya Norwe ya 1814 iliwapiga Wayahudi marufuku kuingia nchini, na kifungu hicho hakikuondolewa hadi 1851. Mnamo Oktoba 1943, zaidi ya Wayahudi 7,000 wa Denmaki walivushwa kwa mashua hadi Uswidi, wakiwatoroka Wanazi. Baada ya vita, manusura wa kambi za mauaji walifika pia, wengi wao wakizungumza Kiyidi.

Turudi kwenye sheria. Uswidi haikuhesabu wasemaji pekee. Ingekuwa hivyo, Kiarabu kingetangulia, kwani kina wasemaji wengi zaidi huko. Kigezo kilikuwa muda: lugha iwe imezungumzwa nchini kwa takriban vizazi vitatu, au miaka 100. Kwa kigezo hicho, Kiyidi ni mwenyeji.

Lakini kutambuliwa ni jambo moja, kuzungumzwa ni jingine. Watoto wa wahamiaji walisomeshwa kwa Kiswidi, wakazoea kuwajibu wazazi kwa Kiswidi, na wajukuu wakabakia na maneno ya jikoni na ya sikukuu tu. Sheria ilipofika, mnyororo huo ulikuwa umekwisha kulegea. Leo Chuo Kikuu cha Lund hufundisha Kiyidi, na mwaka wa 2020 mchapishaji mmoja wa Uswidi alitoa tafsiri ya kitabu cha kwanza cha Harry Potter kwa lugha hiyo. Nadhani huyo wa pili ameupiga msumari mahali pake. Sheria huipa lugha heshima na fedha. Lakini mrithi wake ni mtoto, naye hushika lugha pale tu anapopata raha ndani yake.