Kuokoa Muda Siku ya Kupika Pombe ya Nafaka Nyumbani: Pa Kuharakisha na Pasipo pa Kuharakisha

Katika kaya nyingi za Kirumba na mitaa mingine ya ukanda wa Ziwa, pombe ya mtama, ulezi au mahindi hupikwa nyumbani. Hupikwa kwa ajili ya harusi, msiba au kazi ya pamoja, na kwa baadhi ya kina mama ndiyo riziki ya familia. Siku ya kupika ni ndefu. Huanza kabla ya jua kuchomoza na mara nyingi humalizika usiku, na mpishi anapochoka hutafuta njia ya mkato. Baadhi ya njia hizo hazina madhara. Nyingine humfikisha mnywaji hospitalini.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga vyombo, maji na kazi ili siku hiyo iwe fupi, pamoja na hatua ambazo mpishi hapaswi kuzipunguza hata dakika moja. Kanuni ya msingi ni hii: muda uokolewe katika kubeba, kusubiri na kutafuta, usiokolewe katika kuchagua nafaka, kuchemsha na kusafisha.

Muda hupotelea wapi?

Mpishi akihesabu saa zake ataona kwamba kupika kwenyewe si sehemu kubwa ya siku. Saa nyingi huishia katika mambo manne: kuchota maji asubuhi ileile, kusubiri uji mzito upoe ndipo kimea kitiwe, kuchuja machicha kwa kukamua kidogo kidogo kwa mikono, na kuhamisha vyombo vya moto kutoka mahali pamoja hadi pengine. Jambo la mwisho ndilo chanzo cha ajali nyingi za kuungua jikoni. Kila moja lina dawa yake, na dawa hizo hazihitaji mtambo wa kiwandani.

Kazi ya wiki moja kabla: kimea na nafaka

Siku nzuri ya kupika huanza wiki moja kabla. Nafaka hulowekwa kwa takriban siku moja, huatamiwa hadi ichipue kwa siku mbili hadi nne, kisha hukaushwa juani. Kimea kilichokauka vizuri huvunjika kwa mlio kinapotafunwa. Kinachobonyea bado kina unyevu. Katika misimu ya mvua, yaani Novemba na Desemba, na Machi hadi Mei, jua la Mwanza halitoshi kukausha kwa siku moja. Kimea kianikwe juu ya chanja au turubai safi, kiingizwe ndani jioni, na kisianikwe mahali panapoanikwa dagaa. Kisagwe siku moja kabla ya kupika.

Anayetumia kimea cha mtama apukutishe na kupepeta machipukizi na mizizi yake baada ya kukauka. Machipukizi ya mtama yana kemikali ya asili inayoweza kuzalisha sumu ya sayanidi. Desturi ya wazee ya kusugua kimea kikavu na kukipepeta ilikuwa na sababu.

Hatua isiyopunguzwa ni kuchagua nafaka. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu au zilizolowa ghalani zitupwe. Ukungu huzalisha sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Machicha yatokanayo na nafaka ya namna hiyo hayafai hata kwa kuku na nguruwe.

Mfano mwingine unatoka kwa jirani zetu wa Msumbiji. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima mkoani Tete, watu 75 walifariki na 177 walilazwa hospitalini baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni watu walidhani ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionesha kwamba tatizo lilikuwa katika unga wa mahindi, ambamo bakteria walizalisha sumu kali isiyoharibika kwa moto. Kwa mpishi wa Kirumba funzo ni moja: unga ulioharibika hauokolewi kwa kuugeuza kuwa pombe.

Jioni ya kuamkia siku ya kupika

Jioni hii ndiyo inayookoa saa nyingi kuliko maboresho mengine yote. Kwa pombe ya lita 60 hivi, mpishi afanye yafuatayo:

1. Ajaze maji yote yatakayotumika. Maji ya bomba la mamlaka ya maji ndiyo chaguo la kwanza. Maji yaliyotekwa ziwani moja kwa moja yasitumike kusuzia vyombo, na vyombo visioshewe ufukweni, kwa kuwa humo mna hatari ya kipindupindu na kichocho.

2. Achemshe lita 20 za maji, azifunike katika chombo safi na kuziacha zipoe usiku kucha. Maji haya yana kazi maalumu asubuhi, kama itakavyoelezwa.

3. Apime unga na kimea, kila kimoja katika chombo chake, na kuweka alama za lita ndani ya ndoo na jaba kwa kutumia ndoo yenye kipimo kinachojulikana. Kazi ya alama hufanyika mara moja tu, na faida yake hudumu.

4. Aoshe vyombo kwa maji ya moto na sabuni, avisuze na kuvianika vikiwa vimepinduliwa juu ya chanja.

5. Apasue kuni au kutenga mkaa. Jiko banifu hutumia kuni kidogo kuliko mafiga matatu, na sufuria yenye mfuniko huchemka upesi kuliko iliyo wazi.

Ngazi tatu badala ya kubeba

Mwanza ni mji wa vilima na mawe, na nyua nyingi zina mteremko. Mteremko huo, ambao kwa kawaida ni kero, unaweza kufanya kazi ya mikono miwili. Vyombo vipangwe katika ngazi tatu. Ngazi ya juu ni jiko la kupikia uji. Ngazi ya kati ni jaba lenye koki, likiwa juu ya jiwe au tofali zilizotulia. Ngazi ya chini ni jiko la pili lenye sufuria tupu. Uji huteremshwa kutoka ngazi ya juu kwa kata au jagi lenye mpini mrefu, na baada ya hapo kimiminika hushuka chenyewe kupitia koki. Hakuna sufuria ya moto inayonyanyuliwa. Watoto wasikaribie eneo hilo.

Koki ifungwe vidole viwili juu ya sakafu ya jaba ili isizibwe na machicha. Ndani ya jaba utandikwe mfuko mpana wa kitambaa safi cha pamba, ukingo wake ukikunjwa nje na kufungwa kwa kamba. Mfuko huo ndio chujio. Machicha hubaki humo, pombe changa hutoka, na kazi ya kukamua kwa mikono hupungua sana. Mfuko uchemshwe kila baada ya matumizi.

Chaguo la jaba lenyewe ni suala la usalama. Linunuliwe jaba la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya chakula, lenye alama ya kikombe na uma. Majaba yaliyobeba rangi, mafuta ya mashine, dawa za mashambani au kemikali za viwandani yasitumike hata yakioshwa mara kumi, kwa kuwa plastiki hufyonza. Pipa la bati lenye mng'ao wa zinki nalo halifai: pombe ina uchachu, na uchachu huyeyusha zinki ikaingia katika kinywaji. Sufuria ya alumini inafaa kwa kupikia, lakini pombe isiachwe humo iumuke.

Kufuta saa za kusubiri uji upoe

Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70, na hufa kwenye uji unaotokota. Ndiyo maana mpishi husubiri. Wengine husubiri kupita kiasi, uji ukawa vuguvugu, na vimelea wakatangulia kuumiliki. Wengine hawasubiri, kimea kikaungua na pombe ikakosa nguvu.

Lita 20 za maji yaliyochemshwa jana hutatua tatizo hilo. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Uji wa lita 40 ulioteremshwa kwa kata hufika ukiwa na nyuzi 90 hivi. Ukichanganywa na lita 20 za maji yenye nyuzi 25, mchanganyiko huwa na nyuzi 68 hivi, na unga wa kimea huushusha kidogo zaidi. Kipimo cha kukumbuka ni sehemu mbili za uji kwa sehemu moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji baridi yatangulie katika jaba, uji ufuate, ili plastiki isikutane na joto la kuchemka. Kipimajoto cha jikoni huthibitisha hesabu hii, nacho ni chombo kidogo kisichostahili kukosekana.

Mfano wa ratiba

Saa 12:00 asubuhi: kuwasha jiko la juu na kuchemsha maji.

Saa 1:30: kukoroga unga na kupika uji, kwa muda usiopungua dakika 45.

Saa 2:30: maji yaliyopoa na uji huingia katika jaba, kimea hutiwa na kukorogwa, jaba hufunikwa na kuzungushiwa mablanketi au magunia.

Saa 3:45: koki hufunguliwa, kimiminika hushukia sufuria ya chini.

Saa 4:30: kimiminika kilichochujwa huchemshwa kwa dakika 20. Wakati huohuo jaba na mfuko husafishwa.

Saa 5:30: sufuria hufunikwa na kuwekwa katika beseni pana la maji baridi, ambayo hubadilishwa yakipata moto. Kinywaji kikigawanywa katika sufuria mbili ndogo hupoa haraka zaidi.

Saa 7:30 mchana: joto likishuka chini ya nyuzi 35, kinywaji huhamishiwa katika jaba safi, chachu hutiwa na chombo hufunikwa. Kazi imekwisha.

Muda halisi utategemea jiko na ukubwa wa sufuria.

Hatua tatu zisizopunguzwa siku hiyo

Kwanza, kuchemsha mara ya pili. Kimea hubeba vimelea kutoka sakafuni, juani na mashineni, na joto la jaba haliwaui wote. Pili, kupoza kwa haraka. Chakula kikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60 huwa shamba la bakteria, hivyo sufuria isiachwe ipoe yenyewe hadi jioni. Tatu, kuacha pombe iive kwa wakati wake, ambao kwa kawaida ni siku moja hadi mbili. Chachu ya pombe iliyopita, ikiwa ilikuwa na harufu na ladha nzuri, au hamira ya dukani, inatosha kuanzisha kazi. Kisitiwe kitu chochote kisicho chakula kwa nia ya kuharakisha au kukoleza, iwe mbolea, betri au dawa ya aina yoyote.

Pombe hii huendelea kuumuka hata baada ya kuiva. Isifungwe kwa nguvu katika chupa, kwani chupa inaweza kupasuka, na inywewe ndani ya siku mbili au tatu.

Anayeuza ajue haya

Kupika kwa ajili ya kuuza kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo, Sura ya 77. Kwa mkazi wa Kirumba, maombi huanzia Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela. Pombe iliyofungashwa katika vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi 2017. Kupika gongo bila leseni ni kosa la jinai, na maelezo ya makala haya hayahusu gongo. Pombe isiuzwe kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Mjamzito na anayeendesha chombo cha moto hawapaswi kunywa.

Mjasiriamali anayetaka kufungasha kinywaji chake na kupata alama ya ubora aanze kwa kuonana na ofisi ya SIDO ya mkoa, kisha ofisi ya Shirika la Viwango Tanzania ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Mtumiaji anayeshuku kwamba pombe imemdhuru yeye au jirani yake aende kituo cha afya bila kuchelewa, na ahifadhi kiasi cha pombe hiyo pamoja na unga uliotumika ili vichunguzwe.

Kabla ya kuwasha jiko, jiulize

Je, nafaka imechaguliwa punje kwa punje? Maji ya kupoza yalichemshwa jana? Jaba ni la chakula? Koki haivuji? Kipimajoto kipo? Watoto wako mbali na meko? Ikiwa jibu la swali lolote ni hapana, rekebisha kwanza. Robo saa inayotumika hapo ni ndogo mno ikilinganishwa na saa ambazo mpangilio mzuri utakurudishia kabla jua halijatua.