Ufizi Ukitoka Damu, Usingoje Jino Litikisike

Na Bwana Shamba

Ndugu msomaji, nimezoea kukuandikia habari za mahindi, mbolea na wadudu. Leo nitakueleza habari za meno. Usishangae. Mkulima asiyeweza kutafuna hana nguvu ya kushika jembe.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nakula muhindi wa kuchoma. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, muhindi wako una damu." Nikatazama. Kweli ulikuwa na damu. Nikajibu kwamba ni mswaki mgumu tu. Tangu siku ile nikaacha kupiga mswaki upande unaotoka damu. Hilo lilikuwa kosa langu kubwa. Baada ya mwaka mmoja kinywa kilinuka, na gego moja likaanza kutikisika. Ndipo nilipokwenda hospitali.

UGONJWA UNAVYOANZA

Kila siku meno hupata ukoga. Ukoga ni utando laini uliojaa vijidudu. Mswaki huuondoa. Usipoondolewa, baada ya siku chache huanza kuwa mgumu kama jiwe. Jiwe hilo huitwa ugaga. Ugaga hauondoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa chumvi.

Vijidudu huingia chini ya ufizi. Ufizi huvimba na kutoka damu. Kisha huachana na jino, pakawa na mfuko mdogo. Ndani ya mfuko huo ugaga huongezeka. Polepole mfupa unaoshika jino huliwa.

Wewe unajua nguzo ya ua. Hata ikiwa nzima, udongo ukiondoka shinani itaanguka. Jino nalo ni hivyo. Laweza kuwa halina tundu, lakini likang'oka kwa sababu mfupa umekwisha. Tena ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Kwa hiyo watu huchelewa.

KUSAFISHA CHINI YA UFIZI

Daktari wa meno alipima ufizi wangu kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama. Ufizi mzima huachana na jino kwa milimita 1 hadi 3 tu. Wangu ulikuwa na mifuko ya milimita 5 na 6. Penye gego lile ilikuwa 9.

Akanipiga sindano ya ganzi. Kisha akachukua vyuma vidogo vyenye ncha iliyopinda. Akakwangua ugaga juu ya meno, halafu chini ya ufizi mpaka kwenye mizizi. Hospitali nyingine hutumia pia mashine inayotetemeka na kutoa maji. Sikusikia maumivu. Nilisikia mkwaruzo tu. Vipande vilivyotoka vilikuwa vyeusi kama changarawe. Siku ile alisafisha upande wa kulia. Wiki iliyofuata akasafisha wa kushoto.

Kusafisha juu tu na kuacha ugaga wa chini ni kama kufyeka magugu na kuacha mizizi.

Wako wanaosema kwamba kusafishwa hulegeza meno. Si kweli. Ukiona nafasi kati ya meno, ujue kwamba ugaga uliokuwa umejaa pale umeondoka, na uvimbe wa ufizi umepungua. Maji baridi yanaweza kukuuma kwa muda. Hiyo ni kawaida.

Baada ya miezi mitatu daktari alipima tena. Mifuko mingi ilikuwa imepungua hadi milimita 3 na 4. Damu ilikoma. Lakini gego lile halikupona. Liling'olewa. Kusafisha huzuia mfupa usiendelee kuliwa, lakini hakurudishi mfupa uliokwisha.

FANYA HIVI

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Mswaki wa mti nao unafaa, ukiutafuna ncha iwe laini na kusafisha meno yote.

2. Ufizi ukitoka damu, usiache kupiga mswaki. Piga taratibu.

3. Damu ikiendelea kwa wiki mbili, nenda zahanati. Uliza ni hospitali gani yenye daktari wa meno. Usikimbilie kung'oa. Uliza kwanza kama jino laweza kusafishwa.

4. Acha tumbaku. Huharibu ufizi na kuchelewesha kupona.

5. Mweleze daktari kama una kisukari, ugonjwa wa moyo au mimba, na dawa unazotumia. Mwenye kisukari hupata ugonjwa huu kwa urahisi zaidi.

6. Ukisafishwa, rudi siku utakayopangiwa. Ukoga huota tena kama magugu.

Ndugu msomaji, leo jioni piga mswaki, kisha tema mate mahali peupe. Tazama. Watazame na wenzako nyumbani. Ukiona wekundu, usijibu kama nilivyomjibu mke wangu. Mimi nina pengo mahali pa gego lile. Wewe bado una nafasi ya kuokoa la kwako.