Mtoaji wa Damu Aulizwapo

Watu wengi huiogopa sindano ya kutolea damu, wakidhani ya kuwa ndiyo iletayo ugonjwa. Penye kazi iliyo na taratibu njema hofu hiyo haina msingi, maana sindano ni mpya, hutumiwa mara moja tu, kisha hutupwa. Hatari iko upande wa pili, kwa mgonjwa alalaye kitandani asiyeweza kuuliza, Damu hii yatoka kwa nani?

Tazameni yaliyotokea Uingereza. Katika miaka ya 1970 na 1980 wagonjwa wa himofilia, yaani watu ambao damu yao haigandi upesi, walipewa dawa iliyotengenezwa kwa maji ya damu ya watu maelfu kwa maelfu, yamechanganywa pamoja. Nyingi ilinunuliwa Marekani, ambako watu walilipwa fedha ili watoe, hata wafungwa gerezani. Mwenye kutafuta fedha hapendi kusema ya kwamba yu mgonjwa. Na mmoja tu aliweza kuharibu mchanganyiko wote. Wengine, wakiwamo akina mama waliotoka kuzaa, waliambukizwa kwa damu ya kawaida waliyotiwa hospitalini. Jumla yao ilipita 30,000, waliopata virusi vya UKIMWI au homa ya ini ya namna ya C, na wapatao 3,000 wamekufa. Jaji mstaafu Brian Langstaff, aliyeongoza uchunguzi, alitoa taarifa yake tarehe 20 Mei 2024, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya msiba huo ingaliweza kuepukwa.

Tangu 1985 kipimo cha virusi vya UKIMWI kimekuwapo, na leo damu yapasa kupimwa pia homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Je, vipimo havitoshi? Havitoshi. Mtu aliyeambukizwa juzi, kipimo kitafutacho kinga za mwili dhidi ya UKIMWI huenda kisimtambue kwa muda wa majuma matatu hivi. Vipimo vitafutavyo virusi vyenyewe hupunguza siku hizo, lakini haviziondoi zote. Tena ni vya gharama kubwa. Katika siku hizo mtu hujiona mzima, na karatasi yake husema ni mzima, naye aweza kumwambukiza mgonjwa.

Ndiyo sababu mtoaji huulizwa maswali yanayomtia haya. Na hapa Afrika Mashariki neno hili latugusa hasa, kwa kuwa hospitali nyingi bado huwaomba jamaa za mgonjwa watoe damu. Mjomba huitwa mbele ya ukoo wote. Ajua moyoni mwake alivyoenenda mwezi uliopita, lakini akikataa ataulizwa sababu. Basi hunyosha mkono. Kwa maoni yangu, lawama si yake peke yake. Wazee wasimlazimishe mtu, wala wasimdadisi akisema, Mimi siwezi. Na mwuguzi amwulize faraghani, mlango umefungwa.

Naye aliyekwisha kutoa, kisha akakumbuka jambo au akashikwa na homa, apeleke habari upesi pale alipotolea. Chembe nyekundu huwekwa katika baridi hata siku 35 au 42, lakini zile za kugandisha damu hukaa siku 5 hivi tu, na huenda mfuko haujatumiwa bado.