Vipuri vya Baiskeli ya Zamani: Anza kwa Jirani

Biashara ya boda boda ilianzia hapa Busia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli, abiria wakibebwa kutoka kituo cha mpaka cha Kenya hadi cha Uganda. Pikipiki za bei nafuu zilipoingia kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 2000, waendeshaji wengi waliacha kukanyaga. Baiskeli zao, zile nyeusi nzito tunazoziita Black Mamba, hazikwenda mbali. Ziko nyuma ya jiko, au chini ya ghala la mahindi. Mkazi anayetaka kufufua baiskeli ya kupelekea maziwa sokoni atafute huko kabla ya kuingia dukani.

Waulize wazee waliowahi kuendesha boda boda, na familia zao. Wengine watakupa bure ili uwanja upate nafasi. Ikiwa mwenyewe anauza, chukua baiskeli nzima badala ya kung'oa kipande kimoja. Baiskeli mbili mbovu haziharibiki mahali pamoja: moja imekatika foku, nyingine imeliwa na kutu kwenye rimu, na ukiziunganisha unapata moja inayotembea.

Baada ya hapo nenda kwa fundi. Karibu kila fundi wa baiskeli ana mkebe wa nati, koni, gololi na spoki zilizotumika, na kwa mteja anayemjua haviuzi ghali. Kwa wauza vyuma chakavu bei huwa ni ya kilo, kwa hiyo fremu nzito inaweza kukugharimu kuliko ulivyotarajia, lakini pedali au kerieri ni nyepesi.

Kinachowapotezea watu pesa ni vipimo. Baiskeli nyingi za aina hii hutumia tairi la inchi 28 kwa moja na nusu, na ubavuni huandikwa 635. Tairi lenye 622, ingawa pia huitwa la inchi 28, halitaingia. Hesabu matundu ya rimu: kwa kawaida gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40. Rimu ya matundu 36 haitafungika kwenye habu yako hata ukipewa bure. Raleigh za zamani zilizotengenezwa Nottingham nazo zina nyuzi zake kwenye vikombe vya kranki, tofauti na za baiskeli nyingine, basi nenda na kikombe chako mkononi ukalinganishe.

Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume na ya kulia. Wengi huivunja kwa kutojua hili. Cheni yenye kutu ilaze usiku kucha ndani ya mafuta ya taa, uisugue, uipake oili. Tyubu iliyochakaa usiitupe. Ikate utepe uzungushe ndani ya rimu, spoki zisitoboe tyubu mpya. Kwenye raba za breki, hata hivyo, usibane matumizi. Nunua mpya, hasa kama utapakia mtoto.

Sasa jambo la sheria, ambalo lisichukuliwe kirahisi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Kifungo kinaweza kufika miaka 14. Bei ya kutupa usiku wa manane ni sababu tosha ya kuulizwa maswali. Chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, anayefanya biashara hiyo lazima awe na leseni: omba kuiona, na udai risiti.

Kwa jirani, karatasi ya daftari inatosha. Andikeni majina, nambari za vitambulisho, tarehe, bei (au neno "zawadi") na nambari ya fremu, ambayo hugongwa karibu na kiti au chini ya kranki. Shahidi mmoja atie sahihi. Mzee wa mtaa akipatikana ni bora zaidi. Fremu ambayo nambari yake imekwanguliwa, iache hapo ilipo, hata kama ni nzuri kiasi gani.